Unasoma Riwaya Gani Siku Hizi? Kuchagua, kuazimana na kuzungumza bila kuharibiana uhondo

Ukimuuliza mtu anasoma kitabu gani siku hizi, mara nyingi atakutajia jina, nawe utasema "ah, kizuri hicho," na mazungumzo yameishia hapo. Hakuna aliyefaidika. Jibu linalomsaidia mwenzako kuamua kama akitafute kitabu au akiache lina mambo manne: jina na mwandishi, umefika wapi, kinakuvuta kwa lipi, na kinakukwaza wapi. Halihitaji maelezo marefu. Mfano: "Nasoma Kuli ya Shafi Adam Shafi, nipo katikati. Ni habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, lugha nyepesi, hailazi mtu. Ila kama unatafuta fumbo la kuumiza kichwa, hapa hulipati."

Hilo la nne, la kinachokwaza, ndilo watu hulificha kwa heshima, kana kwamba kitabu kitasikia. Lakini ndilo lenye kazi kubwa kuliko mengine yote. Mtu akijua mapema kwamba kurasa za mwanzo ni nzito, atazivumilia. Asipojua atadhani kitabu kizima kiko hivyo, akiweke kabatini na kisitoke tena.

Riwaya nzuri za Kiswahili zipo za kutosha kumshughulisha msomaji miaka mingi. Kinachokosekana ni mpangilio. Wengi wetu tulikutana nazo darasani, zikiwa zimeshachambuliwa fani na maudhui, kila mhusika ameshapewa sifa zake tano za kukariri. Tukishakuwa watu wazima tunarudi kwa kubahatisha: tunachagua kwa ukubwa wa jina la mwandishi au kwa wembamba wa kitabu, tunakwama ukurasa wa 20, kisha tunasema Kiswahili cha vitabuni kigumu.

Wembamba hudanganya

Mfano mzuri ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Haifiki kurasa 100, na kwa sababu hiyo hununuliwa na watu wanaotaka "kuanza na kidogo." Kumbe ni katika riwaya ngumu kuliko zote katika lugha hii. Wakati haupangiki, mahali hapaeleweki, wahusika wanatokea na kutoweka kama ndotoni, na mwandishi alikusudia iwe hivyo. Ukiianza ukitarajia kisa chenye mwanzo na mwisho utaumia. Mzingile, iliyofuata 1991, ni ndugu yake, na zinasomwa vizuri zaidi zikifuatana.

Kezilahabi ana njia yake ya kuingilia. Anza na Rosa Mistika (1971), kisa cha msichana wa Ukerewe na malezi makali yaliyomgeukia. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa mashuleni kabla ya kuja kukubalika na kufundishwa. Kisa kimenyooka na unaweza kukimaliza siku chache. Kisha soma Kichwamaji (1974), ambamo Kazimoto, kijana msomi, anaanza kuuliza maisha yana maana gani na hapati jibu la kumtuliza. Ukitoka hapo tayari unamjua mwandishi anakoelekea, na Nagona haitakushtua sana. Ukifuata njia hii kinyumenyume, una nafasi kubwa ya kumwacha mwandishi huyu bila kumjua.

Shaaban Robert naye ana tatizo lake: jina limekuwa kubwa mpaka linatisha. Kusadikika (1951) ni kitabu chembamba pia, lakini hiki wembamba wake ni wa kweli. Muundo wake unasaidia: Karama anashtakiwa barazani, na utetezi wake ni kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Soma mjumbe mmoja kwa jioni moja. Ukijaribu kukimaliza kwa mkao mmoja, safari zitaanza kufanana na utachoka kufikia mjumbe wa tatu, kwa sababu kila mmoja anakwenda, anajifunza, anarudi na anaadhibiwa. Zikiachanishwa na siku moja moja, kila safari inabaki na ladha yake. Sentensi zake ndefu zilizopimwa husikika vizuri zaidi zikisomwa kwa sauti kuliko kwa macho peke yake.

Mlango wa kuingilia kwa aliyeacha kusoma siku nyingi

Kwa mtu ambaye hajamaliza riwaya tangu shule, pendekezo letu halibadiliki: upelelezi au safari. Kinachohitajika ni kisa kinachomlazimisha afunue ukurasa wa pili. Uzito utakuja baadaye wenyewe.

Upande wa upelelezi, Muhammed Said Abdulla bado hana mshindani wa kweli. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti, na jicho lake la mkaguzi linaonekana katika kila ukurasa. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960. Humo ndimo tunapokutana na Bwana Msa, mwenye kiko chake, na Najum rafikiye. Bwana Msa hakimbizani na mtu wala hapigi risasi. Anakaa, anauliza, anapima maneno, na panapotajwa mizimu na uchawi yeye anatafuta mkono wa binadamu. Vifuatavyo ni Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Si lazima kuvisoma kwa mfuatano, ila cha kwanza kinafaa kuwa cha kwanza.

Kosa linalowakwamisha wasomaji wa Bwana Msa ni kutoandika majina. Mara nyingi fumbo lake limekaa kwenye nani ni mtoto wa nani, nani aliwahi kumwoa nani, na nani anajiita jina lisilo lake. Chukua kipande cha karatasi, kikunje kiwe alama ya ukurasa, na kila mhusika mpya mwandike kwa maneno manne au matano. Ukifika theluthi ya mwisho, karatasi hiyo ndiyo itakuokoa usirudi nyuma kurasa 50 kutafuta mtu uliyemsahau.

Anayetaka mwendo wa kasi zaidi amtafute Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, au Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Hivi ni vitabu vya basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, na hilo si tusi. Tuwe wakweli tu kwamba namna wanawake wanavyochorwa katika baadhi yake imezeeka vibaya. Mwambie unayemwazima kabla, asije akakurushia kitabu.

Upande wa safari, Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inampeleka Kongowea kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta babake. Kiswahili chake kimejaa methali na tamathali bila kuziba njia. Wakenya wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani. Tunashauri waisome tena sasa bila mwongozo pembeni, maana ukijua hakuna atakayekuuliza "taja mbinu tano za uandishi," kitabu kinabadilika kabisa.

Kisha yupo Shafi Adam Shafi, ambaye kwa maoni yetu ndiye mwandishi salama kuliko wote wa kumwazima mtu usiyejua anapenda nini. Kuli (1979) tumeshaitaja. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ni ya ubwanyenye wa Unguja kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Vuta N'kuvute (1999) ina Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, na Denge, kijana anayesakwa na polisi wa kikoloni. Ndiyo iliyofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Aliyeona filamu asidhani amemaliza, kwa kuwa kitabu kina nafasi ya mitaa, vyakula na mazungumzo ambayo filamu haiwezi kuibeba yote.

Katika tafsiri, Peponi imefungua mlango uliokuwa umefungwa kwa muda mrefu mno. Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021 akiwa hasomeki kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaitoa riwaya yake Paradise kwa lugha hii, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Ni kisa cha Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, anayefuata msafara wa biashara kwenda bara. Anayekijua kwa Kiingereza asome walau sura ya kwanza ya tafsiri. Mazungumzo ya wasafiri yamerudi kwenye lugha ambayo wangeyazungumzia.

Said Ahmed Mohamed tungemweka hatua inayofuata. Utengano (1980), kisa cha Maimuna aliyefungiwa ndani na babake, ndiyo ya kuanzia. Babu Alipofufuka (2001) ni ya baadaye sana, msomaji akishazoea wafu kutembea na walio hai bila kuombewa radhi.

Maneno magumu na kamusi

Riwaya za Unguja na Pemba zina msamiati ambao msomaji wa Dodoma au Nakuru hakulelewa nao. Hapo watu hufanya moja ya makosa mawili: kufungua kamusi kila mstari au kuruka kila neno. Cha kufanya ni kupiga kidoti kwa penseli pembezoni, kisha uendelee. Neno likirudi mara ya tatu bila kueleweka, ndipo ulitafute. Utashangaa ni mangapi yamejieleza yenyewe kabla ya kufika hapo. Kitabu kikiwa cha watu wengi, andika vidoti kwenye ile karatasi ya majina, usichafue ukurasa.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha kwa vitabu vingi vya bara. Kwa waandishi wa visiwani weka karibu Kamusi la Kiswahili Fasaha la Baraza la Kiswahili la Zanzibar (2010), kwa kuwa lilikusanya maneno ambayo kamusi nyingine zimeyapita.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: usisome utangulizi kwanza. Vitabu vyetu vingi, hasa matoleo yaliyolenga shule, vina dibaji ya mtaalamu anayeeleza nani anakufa na kwa nini. Ruka, anza sura ya kwanza, urudi huko ukishamaliza. Maelezo ya nyuma ya jalada nayo soma mistari miwili tu.

Hesabu ya kurasa

Ukurasa wa riwaya ya kawaida una maneno kama 300. Msomaji asiye na haraka hutumia kama dakika mbili. Kurasa 20 kwa siku ni dakika 40 hivi, na riwaya ya kurasa 200 inaisha kwa siku 10. Hizo dakika 40 si lazima ziwe za mfululizo: 20 ndani ya daladala au matatu na 20 kabla ya kulala zinafaa. Kinachovunja mwendo ni kuacha katikati ya tukio. Ishie mwisho wa sura, au mahali ambapo mtu ametoka mlangoni, ili kesho usihitaji kusoma upya kurasa mbili kujua nani anazungumza.

Na pawe na ruhusa ya kuacha kitabu. Kanuni ya kurasa 50 inafaa kwa vitabu vingi: ukifika hapo na hujali nani atapatwa na nini, kiweke chini bila aibu. Isipokuwa umeshaonywa na aliyekisoma kwamba kinaanza taratibu. Ndiyo maana tulisisitiza lile jambo la nne la hapo mwanzo.

Kusoma viwili kwa pamoja kunawezekana kama havifanani. Kichwamaji asubuhi na Willy Gamba usiku vitakaa pamoja bila kugombana. Riwaya mbili za Unguja ya wakati wa ukoloni kwa pamoja zitakuchanganya: utamtafuta Denge bandarini na Rashidi wa Kuli kwenye kitabu kisicho chake.

Kununua nakala bila kuuziwa pengo

Vitabu vingi vya aina hii vinapatikana kwa wauzaji wa mitumba barabarani, Dar es Salaam hata Nairobi, huko wanakoviita vya inama kwa sababu huna budi kuinama kuvichagua. Bei ni nafuu, lakini kagua kabla ya kutoa hela.

La kwanza ni kurasa zinazokosekana. Kiwandani, karatasi kubwa moja hupigwa chapa pande zote na kukunjwa hadi itoe kurasa 16, wakati mwingine 32, kisha makunjo hayo yanapangwa na kubandikwa mgongoni. Kunjo moja likisahaulika, kinachokosekana ni kurasa 16 kwa mkupuo, au kunjo moja linatokea mara mbili na jingine halipo. Kwa hiyo usihesabu ukurasa mmoja mmoja. Fungua panapokaribia 16, 32, 48, 64 na kuendelea, uone kama namba zinafuatana. Kitabu chenye kurasa za utangulizi kitasogeza kidogo mahali hapo, basi pitisha kidole kurasa mbili tatu mbele na nyuma. Hata kwa kitabu cha kurasa 250 ni kazi ya dakika moja.

La pili ni nakala bandia. Dalili zake: rangi ya jalada imefifia au imekoza kupita kiasi, maandishi ya ndani yana kivuli cha fotokopi, mistari imepinda, na maneno ya upande wa mgongo yamemezwa na gundi. Mbali na kumnyima mwandishi haki yake, nakala hizo huachia kurasa ndani ya wiki chache, kwa kuwa gundi yake ni ya kupaka juu tu.

Hata kitabu halali cha gundi huvunjika kikifunguliwa vibaya. Kikiwa kipya, kisimamishe kwa mgongo mezani, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha laza kurasa chache kutoka mbele na chache kutoka nyuma kwa zamu hadi ukutane katikati, ukibonyeza kidogo kila mara. Ukikifungua katikati kwa nguvu siku ya kwanza, gundi inapasuka pale pale na kuanzia hapo kurasa zitadondoka. Kwa wanaoishi pwani, kitabu kisiegemee ukuta wa nje wala kisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu ukikosa pa kutokea huzaa ukungu. Kivishe gazeti au karatasi ya kaki.

Toleo lililokwisha madukani litafute kwanza maktaba. Tanzania, wachapishaji wanapaswa kisheria kupeleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia kuulizia kitabu kisichoonekana kwingine.

Mduara wa kuazimana

Njia ya gharama ndogo ya kusoma vingi ni mduara wa watu sita wenye vitabu sita. Kila mmoja ananunua kimoja, vyote tofauti, na kila baada ya wiki tatu kila kitabu kinahama kwa mtu mmoja upande wa kulia. Ndani ya wiki 18 kila mmoja amepitia vyote sita kwa gharama ya kimoja. Kwa nini wiki tatu? Riwaya ya kurasa 200 inahitaji siku 10 kwa mwendo tuliousema, na kinachobaki ni cha misiba, wageni na uvivu. Wiki mbili huwabana wenye kazi nyingi. Mwezi mzima huwafanya watu wasianze mpaka siku ya 25.

Kwa nini sita? Wakiwa wanne, vitabu vinaisha upesi na hamu ya kuendelea inakatika. Wakizidi wanane, kitabu cha mwisho kinakufikia watu wakiwa wameshakizungumza mpaka kimepoa.

Kinachoua mduara ni mtu mmoja anayekwama. Anashikilia kitabu, anayemfuata anakosa cha kusoma, naye kwa kuwa hana kipya hatoi alichonacho, na ndani ya wiki mbili wote wamesimama. Dawa yake ni kanuni moja isiyo na huruma: siku ya kubadilishana haimsubiri mtu. Umemaliza, hujamaliza, kitabu kinaondoka. Aliyebakiza kurasa 30 anajiandikisha mwisho wa foleni, atakipata mduara ukiisha. Watu watalalamika mara ya kwanza, lakini mara ya pili watasoma mapema.

Ndani ya jalada la nyuma bandika karatasi yenye safu tatu: jina, tarehe ya kupokea, hali ya kitabu. Safu ya tatu ndiyo hukata ugomvi wa nani alimwaga chai. Kubalianeni mapema pia kwamba anayepoteza ananunua kingine, na kama kimekwisha madukani ananunua kingine cha mwandishi yule yule. Mwenye toleo la zamani alilorithi kwa wazazi asiliingize kwenye mduara kabisa, alete jingine.

Epuka kuanza na vitabu sita vizito. Mchanganyiko uliokaa vizuri ni viwili vya upelelezi, viwili vya Unguja, kimoja cha tafsiri, na kimoja kigumu ambacho kila mtu anakiogopa. Hicho kigumu kianzie kwa mwenye ari kuliko wote, ili wenzake wapate mtu wa kumuuliza.

Kuzungumza bila kuharibu

Kwenye kundi la simu, kila ujumbe uanze na jina la kitabu na sura uliyofika, kisha acha mistari mitupu mitano au sita kabla ya kusema lolote. Asiyefika hapo ataona namba ya sura na kupita. Ujumbe wa sauti uwe wa dakika moja kushuka chini, kwa sababu sauti haina namna ya kurukwa kwa jicho: mtu anasikia tu "yule aliyeuawa" na kisa kimekwisha.

Mkikutana ana kwa ana, saa moja na nusu inatosha. Swali la "mmekipenda?" halizai kitu, litajibiwa "ndiyo" na kimya. Maswali ya dhamira na ujumbe nayo yanawarudisha watu darasani, utawaona wanakaa wima. Yanayofanya kazi ni ya kuchagua upande au ya kutaja mahali: Ukurasa gani uliurudia? Nani ungemkopesha pesa katika hawa, na nani usingemkaribisha nyumbani? Ungekuwa mama yake Rosa katika Rosa Mistika, ungefanya nini? Kila mmoja aje na kifungu kimoja cha mistari 10 alichokipenda, akisome. Mara nyingi mjadala mzuri hutoka kwenye kifungu ambacho wengine walikipita bila kukiona.

Wapo pia wasomaji ambao hawahesabiwi kuwa wasomaji: wanaofuata simulizi za vipande kwenye Facebook, WhatsApp na magazeti. Wanasoma kila siku, wengine kuliko wenye kabati la vitabu, na kuwadharau ni ujinga. Shida za huko ni za kiufundi. Vipande hupotea au hutumwa bila mpangilio, na mtu anasoma sehemu ya 14 kabla ya 12. Kabla ya kuanza, hakikisha sehemu ya kwanza ipo na kila kipande kina namba. Ujue pia kwamba waandishi wengi hutoa sehemu za mwanzo bure na kuuza zilizobaki kwa malipo ya simu, kwa hiyo uliza bei ya simulizi nzima ukiwa bado sehemu ya tatu. Na ukinunua, usiisambaze, maana hiyo ndiyo mshahara wake.

Mduara ukiisha na mkataka jioni ya pamoja, achaneni na riwaya mjaribu utenzi. Utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia bintiye mwaka 1858, una beti kama 102. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, na ukisomwa kwa sauti bila pupa unachukua kama sekunde 10, kwa hiyo wote unakwisha chini ya dakika 20. Ni wa Kiamu, lahaja ya Lamu, basi tafuteni chapa yenye maelezo pembezoni na mmoja wenu ayapitie siku moja kabla. Someni mara ya kwanza moja kwa moja bila kusimama kufafanua, kwa sababu kina cha mwisho cha kila ubeti ni kile kile toka mwanzo hadi mwisho na mkikatiza mnakipoteza masikioni. Maelezo yangoje mara ya pili. Badilishaneni msomaji kila baada ya beti 25, na wekeni maji karibu.